Taa Ikiita, Itika

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, yenye ukungu na manyunyu, na mimi nilikuwa nimepakata televisheni kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa hospitalini. Nilikuwa ndani ya pikapu ya baba mkwe wangu. Tulikuwa tumetoka Mutuini kwenda kwetu Kangundo, na televisheni ile, niliyopewa na kaka zangu siku ya harusi, ilikuwa inarudishwa. Wewe ni mtu mzima sasa, unajua zawadi ya bibi harusi ikirudishwa kwao maana yake ni nini. Hakuna aliyetamka kwamba nami narudishwa. Lakini sanduku langu la nguo lilikuwa nyuma chini ya turubai, pamoja na mitungi ya maziwa, na aliyelipakia si mimi.

Shtaka langu lilikuwa moja tu, kwamba namaliza betri ya gari.

Nakueleza haya kwa sababu juzi gari lako lilipogoma kuwaka hapo uani, ulipandisha mabega ukasema, "Shosho, usijali, ni betri tu." Mimi nyanya yako nikaingia jikoni. Neno hilo, ni betri tu, nililisikia nikiwa na umri kama wako, na nusura linivunjie nyumba. Keti basi. Chai ipo, na gari lako haliendi popote.

Niliolewa Mutuini, huko Dagoretti, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Babu yako Kamau alikuwa karani, na harusi ilipokwisha tu akahamishwa kikazi mpaka Kisumu, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Akaniacha kwa wazazi wake, Mkamba peke yangu katika boma la Wakikuyu, na lugha yetu ya kuelewana ikawa Kiswahili hiki hiki. Watu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi niliambiwa kwa utani kwamba sikuhitaji kufungwa, kwa kuwa nilikuja na Ukamba wangu.

Kazi yangu ilikuwa mjini, opereta wa simu katika ofisi moja ya ghorofani. Ninyi wa simu za mfukoni hamwezi kujua kazi ile. Ulikaa mbele ya ubao wenye taa ndogo ndogo, mtu akipiga simu taa moja inawaka, unachomeka waya, unasema habari ya asubuhi. Ukichelewa, taa inaendelea kuwaka, na huko upande wa pili kuna mtu anangoja. Mama aliyetufundisha kazi alikuwa mkali, hakupenda msichana wa kuzubaa. Alikuwa akisema, "Taa haiwaki kwa kujipamba. Ukiona taa, kuna mtu anaita." Nilimsikia kila siku, nikadhani anasema habari za simu tu.

Baba mkwe wangu, Mzee Njoroge, alikuwa na ng'ombe wa maziwa na ile pikapu. Kila asubuhi alipeleka maziwa Kileleshwa, kwa watu wa mafleti, halafu ananiteremsha mjini kazini. Alikuwa mtu mwema, usije ukamchukia kwa nitakayosema. Ila alikuwa mkaidi kama punda wa Dagoretti, na pikapu aliipenda kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa akisema kwamba kama ingetosha mlangoni, ingelala kitandani na yeye angelala nje.

Stima wakati huo ilikuwa imefika barabarani lakini haijaingia kwetu. Sasa televisheni yangu, ile ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, ilitumia betri ya gari. Jumamosi jioni Mzee mwenyewe alifungua boneti, akaichomoa betri, akaileta sebuleni, tukabana waya wa televisheni kwenye vichwa vyake viwili, na majirani wakajaa mpaka mlangoni. Yeye alipenda mieleka. Yeye mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, akiona mtu anarushwa chini, anapiga goti lake mwenyewe kwa furaha. Jumapili betri inarudi ndani ya gari, na watu wanalala na amani.

Kisha Jumatatu moja pikapu ikakataa kuwaka. Mzee hakushangaa. Akanitazama, akasema, "Ni hiyo televisheni yako. Imekula betri yote." Nami nikakubali, maana lilikuwa neno lenye akili. Tukaacha kuangalia. Betri ikapelekwa Kawangware, kwa yule wa duka la kuchaji, ikarudi imeshiba, na baada ya siku chache ikalala tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia. Mzee akachukua ule waya wa televisheni, akauzungusha, akautia mfukoni mwa koti lake, akawa anatembea nao kanisani, sokoni na malishoni. Betri ikafa tena. Akaazima betri ya shemeji yake, nzima kabisa, nayo ikafanya kazi siku mbili tatu ikamfuata mwenzake. Akaniuliza kama nina waya mwingine niliouficha. Nikasema, "Hapana, Baba." Hakusema naongopa, lakini jioni ile nilirudi kazini nikakuta godoro langu limegeuzwa.

Alikuwa na dawa yake ya asubuhi. Jioni aliegesha pikapu juu ya mteremko wa lango, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Kukicha kazi yangu ilikuwa kuondoa jiwe. Gari linateremka lenyewe, anatia gia, linakohoa, linawaka, nami nakimbia kulidaka na viatu vyangu vya kazini mkononi. Siku zikaenda hivyo, na jiwe lile likawa linaficha ugonjwa. Kila mtu Mutuini alijua kwamba gari la Njoroge haliwaki tangu apate mkamwana wa Kikamba. Ule utani wa zamani juu ya Wakamba na uganga ukaanza kusemwa kisimani, kwanza kwa kicheko, halafu bila kicheko. Niliogopa, mwanangu. Nililala na hofu nikaamka nayo.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mimi nilikuwa nimeuona ule ugonjwa mapema kuliko mtu yeyote, na aliyenionyesha ni adabu yangu.

Kwetu Ukambani kuna kitu tunaita nthoni. Ni ile haya ya heshima kati ya mkwe na mkwe. Nilivyolelewa mimi, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hafunui kichwa mbele yake, hambishii, na akiweza kumpisha njiani anampisha. Wakikuyu hawakuwa wakali hivyo, wao walinicheka, lakini malezi huyaachi kituoni ukipanda gari. Kwa hiyo kila asubuhi, nikikaa kando ya Mzee katika kile kiti kimoja kirefu, sikujua niweke macho wapi. Kumtazama siwezi. Basi nikawa nayaweka kwenye dashibodi, mbele ya usukani, tangu Mutuini mpaka mjini.

Ndivyo nilivyoiona taa nyekundu, ile yenye alama ya betri. Mwanzoni ilikuwa hafifu, kama kaa lililobaki jikoni asubuhi. Mzee akikanyaga mafuta inafifia, akisimama Kawangware kwenye msongamano inajitokeza. Nikaanza kuona na mengine. Asubuhi za ukungu, taa za mbele zilipata nguvu gari likikimbia, likisimama zinakuwa za manjano kama mshumaa. Waipa zilipangusa kioo kwa uvivu. Na tukiondoka nyumbani na umande, kitu kililia chini ya boneti, mlio mwembamba kama wa nguruwe aliyebanwa mlangoni, kisha harufu ya mpira ulioungua ikatufikia puani. Mzee alisema ni baridi ya Dagoretti, gari nalo linasikia baridi.

Mimi nilikuwa opereta wa simu. Kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kuitika taa. Na taa ile ilikuwa inaita mbele ya macho yangu kila siku, nikaitazama, nikanyamaza. Ningemwambia vipi baba mkwe kwamba gari lake, analoliendesha tangu mimi sijaota meno ya pili, lina ugonjwa asiouona? Nikajiambia, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali ni nzuri, mwanangu, lakini mwoga hajawahi kukosa methali.

Basi ile Jumamosi. Ijumaa jioni Mzee alikuja kutoka Kawangware na betri iliyochajiwa siku nzima, akaifunga kwenye gari mbele ya macho yetu sote, akafunga boneti kwa kamba, na fundo lake analijua yeye. Akasema kwa sauti ya chini, akimwambia mkewe ingawa alitaka nisikie mimi, "Kesho nampeleka kwao na hiyo kitu yake. Nikirudi nitaona kama betri itakufa." Mama mkwe akasema, "Na Kamau utamwambia nini?" Usiku nilikaa kitandani sijavua nguo zangu, nikimngoja mtu aje aseme kwamba ni mzaha.

Asubuhi tukaondoka. Wateja wa maziwa hawana Jumamosi, kwa hiyo tulipitia kwanza Kileleshwa. Tulisimama fleti baada ya fleti, anazima, anashuka na mtungi, anarudi, anawasha. Ukungu ulikuwa mzito, taa za mbele zinawaka, waipa zinafanya kazi. Kila alipowasha, injini iliitika kwa kuchelewa zaidi. Na ile taa nyekundu, mwanangu, haikuwa kaa tena. Iliwaka wazi, haifichi kitu.

Niliwaza, huyu mtu ananirudisha kwetu kwa ajili ya kosa ambalo linawaka hapa mbele yake. Nikimeza hili neno nitalimeza maisha yangu yote. Tulipokuwa tunatokea Valley Road, pale juu kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda mjini, nikafungua kinywa.

"Baba, hiyo taa inaita."

"Inaita nani?"

"Ile nyekundu. Imeanza kuwaka tangu mwezi wa nne. Nafikiri si betri, Baba. Kuna kitu hakiipi betri chakula."

Akabadilisha gia. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Wewe sasa umekuwa fundi. Niache niendeshe."

Unaijua Valley Road inavyoteremka. Siku ile ilikuwa imelowa, na mvua ikaongezeka tulipoanza kushuka. Waipa zikaenda nusu ya kioo, zikarudi, zikaenda tena, zikasimama pale pale katikati. Taa za mbele zikawa hazipo. Mzee akabonyeza honi kumwonya mtu wa baiskeli, honi ikatoa sauti ya chura. Nikatazama dashibodi, na hata ile taa nyekundu ikazimika. Aliyekuwa akiita alikuwa amechoka kuita.

Injini ikakohoa ikanyamaza.

Gari halikusimama, kwa kuwa ni mteremko. Lilikuwa linateleza kimya, bila kioo cha kuonea, na Mzee amekanyaga breki kwa miguu miwili akinong'ona jina la Mungu kwa Kikuyu. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni nikaona lori la mchanga nyuma yetu, linakuja kwa mwendo wa mtu anayedhani wa mbele yake naye anakwenda. Hapo akili yangu ikaniambia kitu kimoja. Umeme umekwisha, basi hata taa za breki za nyuma hazipo. Yule dereva hajui kwamba sisi tunasimama.

Mwanangu, nilivua kitambaa cha kichwa mbele ya baba mkwe wangu. Niliteremsha kioo, nikatoka dirishani mpaka kiunoni, mvua inanipiga usoni, nikakipunga kile kitambaa na kupiga kelele kwa Kikamba, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenikimbia. Kisha nikarudi ndani nikampigia kelele Mzee mwenyewe. "Kushoto, Baba! Panda ukingo!" Akapinda. Gurudumu likapanda ukingo, tukarushwa, lori likapita likipiga honi ndefu, karibu kiasi kwamba maji yake yaliingia ndani yakatulowesha sote wawili. Tukasimama kwenye nyasi.

Televisheni nilikuwa nimeiachilia. Ilikuwa miguuni mwangu, kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe.

Tulikaa. Nilikuwa nalia, lakini si kwa ajili ya televisheni. Mzee alikuwa ameshika usukani kama bado anaendesha. Kisha, kwa mazoea tu, kinywa chake kikasema, "Ni betri." Akageuka kuitazama televisheni, akaikuta chini imepasuka. Mkono wake ukaenda mfukoni mwa koti. Akautoa ule waya, ule wa kubana kwenye betri, aliokuwa anatembea nao wiki hizo zote. Akauweka juu ya goti lake akautazama. Betri iliyochajiwa jana, iliyofungiwa kwa fundo lake mwenyewe, imekufa mbele yake, na waya uko mfukoni mwake. Nami kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtazama usoni, nikaona mzee aliyeogopa.

Mzee mmoja wa Kisikh, mwenye kilemba cha buluu, alisimamisha gari lake akashuka na mwavuli. Alikuwa anakwenda kufungua duka lake mjini. Akatoa nyaya za kuazimana umeme, akaunganisha betri yake na yetu, pikapu ikawaka mara moja, na taa nyekundu ikawaka nayo. Alipoziondoa zile nyaya, injini ikasinzia, ikazima. Akazikunja polepole.

"Betri hapana kosa, mzee," akasema. "Hii gari haichaji. Altaneta kwisha. Hii taa nyekundu haikuwaka mbele?"

Baba mkwe angeweza kusema haikuwaka. Nani angejua? Lakini alinyoosha kidole kwangu akasema, "Iliwaka. Huyu aliiona."

Ile altaneta, kama hujui, ndiyo inayotengeneza umeme wa gari wakati injini inazunguka, na inazungushwa na mkanda. Betri ni mtungi tu. Mtungi hauna maji yake wenyewe. Chemchemi ikikauka utanunua mitungi mpaka uchoke, yote itakauka, na utamlaumu kila mwenye kiu ndani ya nyumba. Fundi wa kituo cha mafuta kilichokuwa hapo chini alikuja akaifungua. Mkanda ulikuwa umelegea na kung'aa kwa kuteleza, na ndani vile vipande viwili vyeusi vya kaboni vilikuwa vimelika mpaka havigusi tena. Akabadilisha, akakaza mkanda, akatuazimia umeme tena. Taa nyekundu ikawaka, na injini iliponguruma taa ile ikazimika kabisa. Mzee akamwambia awashe na kuzima tena. Nadhani alitaka kuiona ikizimika.

Tukaondoka. Tulipofika kwenye raundabauti ya chini, njia ya kwenda kwetu Kangundo ilikuwa mbele, kupitia mjini. Mzee akazunguka raundabauti yote, taratibu, akarudi tulikotoka, akapanda Valley Road kuelekea nyumbani. Pale Riruta akasimama akanunua ndizi mbivu, akaniwekea mapajani palipokuwa na televisheni.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa sijakutana bado na maneno ya mama mkwe. Tulimkuta mlangoni anapukuchua maharagwe, akatazama sanduku langu likishushwa, akatazama kichwa changu kisicho na kitambaa, akasikiliza habari yote bila kuacha maharagwe. Kisha akaniuliza, "Taa uliiona lini?"

"Mwezi wa nne, Mama."

"Na kinywa chako kilikuwa wapi?"

Nikamwambia kwetu adabu ya mkamwana ni kunyamaza. Akaweka ungo chini.

"Mwende," akasema, na hakuwa mtu wa kuniita jina, "hiyo adabu ilikuwa inaua watu wawili leo. Mimi ningezika mume, na mtoto wangu angezika bibi, halafu watu waseme mlikuwa na heshima sana. Adabu ni namna ya kusema. Si kukosa kusema." Akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa anajifanya anatafuta kitu ndani ya gari. "Na wewe. Gari inalia kila asubuhi unasema ni baridi. Huyu angelia hivyo pia ungesema ni baridi? Ulitafuta mwizi kwa godoro ya mtoto wa watu, na mwizi ulikuwa umemkalia."

Mzee Njoroge hakuomba msamaha kwa mdomo. Wazee wa wakati ule hawakujua njia hiyo. Lakini Jumatatu asubuhi nilipokwenda kuondoa jiwe, akaniambia, "Wacha jiwe." Gari lilikuwa limeegeshwa chini, mahali tambarare. Akafungua mlango wa abiria, akaingia yeye.

"Ingia huko kwingine," akasema. "Mwenye kuona taa akae karibu na taa."

Ndivyo nilivyojifunza kuendesha gari, mwanangu, kwenye njia ya maziwa ya Mutuini, na baba mkwe kando yangu ameshika mlango kwa mikono miwili. Niliendesha pikapu ile mpaka ilipozeeka, na siku Mzee alipougua miaka mingi baadaye, ni mimi niliyempeleka hospitalini. Njiani akaniuliza, kwa sauti yake iliyokwisha, "Taa zinasemaje?" Nikamwambia, "Zimenyamaza, Baba." Akafumba macho akapumzika.

Sasa shika haya. Dalili ya mvua ni mawingu, na gari halifi ghafla, husema kwanza. Ukiona taa ya betri inawaka, hata kama ni hafifu, hata kama inazimika ukikanyaga mafuta, hiyo ni simu, ipokee. Ukiona taa za mbele zinapata nguvu ukikimbia na kufifia ukisimama, au waipa zinavuta miguu, au redio inameza sauti, jua mtungi haujazwi. Ukisikia mkanda unalia asubuhi yenye unyevu, au ukanusa mpira unaoungua, usiseme ni baridi. Na betri ikichajiwa ikafa, ikachajiwa ikafa, usinunue nyingine kabla hujauliza nani anailisha. Mtafute fundi wa umeme aipime altaneta ikiwa inazunguka. Taa ikikushika barabarani, zima kila usichokihitaji, usizime injini, na utafute pa kusimama salama ungali na nguvu, si ukiwa umeshaanza kuteremka.

Na hili la mwisho si la gari. Kabla hujamgeuzia mtu godoro, geuza kwanza ulichokikalia. Na wewe unayeona, sema. Sema kwa heshima, sema kwa upole, ukipuuzwa sema tena, lakini usije ukakaa na neno linaloweza kuokoa mtu, ukakiita kimya hicho adabu. Mimi nilitoa neno langu nikiwa nimechelewa, na kilichotuokoa ni kitambaa cha kichwa tu.

Mungu akupe macho ya kuona taa, na ulimi wa kuitika, na akuweke kati ya watu wanaosikia. Barabara zako ziwe tambarare, na penye mteremko usikose breki. Amina.

Sasa lete ufunguo wako. Wewe utakaa kwenye usukani na utawasha, mimi nitakaa upande wa abiria. Tazama barabara, taa niachie mimi.